Jozi ya esi yenye kika dhaifu katika holdemu ya kikomo: nilipe hadi mwisho au niitupe mapema?

#1 Msafiri wa Pasifiki

Habari za jioni, wanajukwaa. Naishi kusini mwa California, na kila Jumamosi baada ya kazi huenda kwenye ukumbi wa karata kucheza poka ya aina ya holdemu ya kikomo, meza ya dola 4 na 8. Kwa wasioifahamu, kila mchezaji ana karata mbili mkononi na karata tano za mezani ni za wote; kikomo maana yake ni kwamba mtu hawezi kusukuma fedha zake zote mezani kwa mkupuo: kabla ya flopu (karata tatu za kwanza za mezani) na kwenye flopu dau ni dola 4 tu, kwenye karata ya nne na ya tano dau ni dola 8, na anayepandisha hupandisha kwa kiasi hicho hicho.

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye kiti cha dau kubwa la lazima, yaani dola 4 zinazowekwa kabla ya kuona karata, mkononi nina esi ya pau na nne ya uru. Mchezaji wa katikati ya meza alipandisha hadi dola 8, aliyemfuata akalipa, mwenye dau dogo la lazima, dola 2, akatupa, nami nikaongeza dola 4 zilizokuwa zimebaki. Flopu ikaja esi ya kopa, tisa ya shupaza na sita ya pau. Nilipita, yaani sikuweka dau, mpandishaji akaweka dola 4, wa pili akalipa, nami nikalipa. Karata ya nne ilikuwa mbili ya uru; nilipita, mpandishaji akaweka dola 8, wa pili akatupa, nikalipa. Karata ya tano ilikuwa nane ya kopa. Nilipita tena, akaweka dola 8 nyingine, nikalipa, naye akafunua esi na jeki.

Hii ni mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja. Nimefikia uamuzi ambao nauleta kwenu muukosoe: jozi ya juu (ya karata kubwa kuliko zote za mezani) ambayo kika yake, yaani ile karata ya pili ya mkononi isiyopata jozi, ni ndogo, haistahili kulipiwa zaidi ya flopu iwapo aliyepandisha anaendelea kuweka dau. Je, nimekosea wapi?

#2 Hesabu Kwanza

Ndugu Msafiri, umekosea kwenye uamuzi, si kwenye mchezo. Tuhesabu fedha za mezani. Kabla ya flopu zilikuwa dola 26. Baada ya flopu zikawa 38, baada ya karata ya nne zikawa 54, na jamaa alipoweka dola 8 za mwisho zikawa 62. Wewe ulitakiwa kulipa dola 8 ili ushindanie dola 62, kwa hiyo unahitaji kushinda mara 8 katika kila 70, ambayo ni asilimia 11.4. Ukitupa mkono uliokuwa unashinda, unapoteza dola 62. Ukilipa mkono uliokuwa unashindwa, unapoteza dola 8. Katika poka ya kikomo makosa haya mawili hayalingani hata kidogo, na ndiyo sababu anayetupa jozi ya juu kwa urahisi huumia zaidi kuliko anayelipa.

#3 Mtulivu wa Kigamboni

Naheshimu hesabu ya #2, lakini naona tatizo lilianza mapema zaidi. Esi na nne za rangi mbili tofauti, mbele ya mtu aliyepandisha kutoka katikati ya meza, ni mkono wa kutupwa kabla flopu haijaonekana. Watu wanaopandisha kutoka pale mara nyingi wana esi iliyo na kika kubwa, kwa hiyo esi inapotua mezani inakufurahisha wewe na kumfurahisha yeye zaidi. Ukiikosa flopu unapoteza dola 4, na ukiipata unapoteza 24. Mkono wa namna hiyo ni mtego.

#4 Hesabu Kwanza

Mtulivu, angekuwa kwenye kiti kingine ningekubaliana nawe bila mjadala. Lakini alikuwa na dola 4 tayari mezani. Alilipa 4 ili ashindanie 22, yaani alihitaji asilimia 15.4 tu. Bei hiyo ni rahisi mno kwa mwenye esi dhidi ya watu wawili.

#5 Juma Pili

Mimi nimeichukua kalamu. Msafiri alikuwa na esi moja, mezani ipo moja, zimebaki esi mbili katika karata 47 zisizoonekana. Wapinzani wawili wana karata nne. Uwezekano kwamba angalau mmoja wao ana esi ni asilimia 16.5 tu. Maana yake mara tano katika sita hakuna mwenye esi nyingine. Sasa hofu ya kika inatoka wapi?

#6 Binti Mrima

Ndugu Juma, hesabu yako ni sahihi iwapo wapinzani walipewa karata na wakaziweka mezani bila kuzitazama. Huyu alizitazama na akapandisha. Tuseme yeye hupandisha kwa esi mbili, esi na kingi, esi na kwini, esi na jeki, esi na kumi, jozi zote kuanzia tisa kwenda juu, na kingi na kwini. Kwa kuwa esi zilizobaki ni mbili tu, esi mbili pamoja zinapatikana kwa njia 1, na kila mchanganyiko wa esi na karata kubwa una njia 8, jumla 32. Tisa mbili, kwa kuwa tisa moja ipo mezani, zina njia 3. Hizo ni njia 36 zinazomshinda Msafiri. Zinazoshindwa naye ni jozi za kingi, kwini, jeki na kumi, njia 6 kila moja, jumla 24, pamoja na kingi na kwini, njia 16. Jumla ni 40.

Kwa hiyo kwenye flopu mambo ni 40 kwa 36. Si 84 kwa 16 kama unavyosema, na wala si msiba kama anavyosema Mtulivu.

#7 Juma Pili

Nimekubali kusahihishwa, dada. Asante. Lakini 40 kwa 36 bado inaniunga mkono.

#8 Mgawaji wa Usiku

Nimekuwa nikigawa karata katika kumbi za Marekani kwa miaka kadhaa, na naomba niongeze jambo ambalo halionekani kwenye karatasi. Zile njia 40 za Binti Mrima haziweki dau mara tatu. Mtu mwenye jozi ya kwini anapoona esi kwenye flopu huweka dau mara moja kwa mazoea, akilipiwa na watu wawili hupita kwenye karata ya nne, na kwenye karata ya tano hupita tena akiomba Mungu mwenzake naye apite. Kwenye meza za dola 4 na 8 nimeona watu wengi wastaafu, wastaarabu kabisa, wanaocheza kwa subira, ambao dau lao la karata ya tano halijawahi kuwa la kutishia mtu. Akiweka, anayo. Kwa hiyo swali si njia ngapi zilikuwepo kwenye flopu, bali ni ngapi zimebaki hai baada ya madau matatu.

#9 Binti Mrima

Hoja ya #8 ni ya msingi, na inapimika. Tuache zile 36 zote zikiendelea kuweka dau hadi mwisho. Katika zile 40, tuseme ni 5 tu ambazo bado zina ujasiri wa kuweka dola 8 za mwisho. Basi Msafiri anashinda mara 5 katika 41, yaani asilimia 12.2. Hesabu Kwanza alisema anahitaji 11.4. Bado analipa, ingawa kwa ukucha tu. Zikibaki 4 katika 40, anashinda mara 4 katika kila 40, asilimia 10, na anapaswa kutupa. Uamuzi wote umesimama juu ya njia moja ya karata, na njia hiyo inategemea tabia ya mtu aliyeketi pale.

#10 Mzee wa Chumbageni

Nawasalimu wote. Nimefuatilia kwa makini, ila masikio yangu yanapata shida na hizi esi, kingi, kwini na jeki. Sisi Tanga tulipokuwa tukicheza arubastini tulisema ree, basha, bibi na ghulamu, na mnazo bado kopa, uru, shupaza na pau, kwa nini muache yale mengine? Pili, katika arubastini karata ndogo ya turufu humla ree wa watu bila huruma. Hapa naona hakuna turufu, hivyo ree aliyefuatana na nne anabaki ree tu. Naomba mnieleze ile nne ilifanya kazi gani mwishoni.

#11 Hesabu Kwanza

Shikamoo mzee. Umeuliza swali ambalo wengi wetu tumelipita. Ile nne haikufanya kazi yoyote. Mkono wa poka ni karata tano. Mezani palikuwa na ree, tisa, sita, mbili na nane. Msafiri alikuwa na ree wawili, kisha tisa, nane na sita, zote tatu kutoka mezani. Nne yake haikuingia. Angekuwa na ree na tatu, au ree na tano, mkono ungekuwa ule ule, na kama mpinzani naye angekuwa na ree na tano wangegawana fedha nusu kwa nusu.

#12 Mzee wa Chumbageni

Marahaba. Basi ghulamu wa yule bwana ndiye aliyeingia mahali pa sita akamaliza kazi. Nimeelewa.

#13 Ukingo wa Mto

Jibu la #11 lina uzito kuliko linavyoonekana. Hofu ya kika hukua kuliko uhalisia kwa sababu watu husahau kugawana. Chukua ree na nane dhidi ya ree na nne (nitatumia la mzee kwa heshima), na mezani pawe na ree, bibi, kumi, tisa na mbili. Wote wawili wana ree wawili, bibi, kumi, tisa. Wanagawana. Kika ndogo dhidi ya kika ya kati huokolewa mara nyingi na meza yenyewe. Kinachoua ni kukutana na basha, bibi au ghulamu, kwa kuwa hizo hazifunikwi kwa urahisi. Ukiwa na ree na nne dhidi ya ree na basha kwenye flopu ya ree, tisa na sita, umebakiwa na nne tatu tu za wazi za kukuokoa, na kuipata angalau moja katika karata mbili zijazo ni takriban asilimia 13.

#14 Askari wa Meza

Mimi sikubaliani na njia nzima ya kulipa, kulipa, kulipa. Msafiri aliingoja karata ya tano ndipo ajue amesimama wapi. Kwenye flopu alipaswa kupita kisha kupandisha. Dola 4 za ziada zingemweleza kila kitu: mwenye jozi ya kwini angetupa au angelipa kwa unyonge, mwenye esi na jeki angepandisha tena, na yule mlipaji mwingine, mtu wa tatu, angeondolewa mezani.

#15 Binti Mrima

Askari, soma tena mpangilio wa viti. Msafiri ndiye wa kwanza kuzungumza. Alipita, mpandishaji akaweka, wa tatu akalipa, ndipo zamu ikamrudia Msafiri. Akipandisha hapo, wa tatu ameshalipa dola 4 na anadaiwa 4 nyingine tu. Mpandishaji akilipa, mezani kuna dola 46, naye atalipa 4 akihitaji asilimia 8 tu. Hataondoka, na kwa bei hiyo hana sababu ya kuondoka.

Kama nia ni kumwondoa wa tatu, Msafiri aweke dau mwenyewe kwenye flopu. Mpandishaji mwenye esi kubwa, au hata jozi ya kingi, atapandisha hadi dola 8, na hapo wa tatu atakuta mezani dola 38 akitakiwa kulipa 8 kwa pamoja, asilimia 17.4. Mwenye kumi na nane anayengoja saba ajaze mfululizo wake ana karata 4 katika 47, kama asilimia 8.5. Huyo anaondoka, au anakosea kwa kubaki. Zamu ya kuzungumza ndiyo inayoamua nani alipishwe ghali.

#16 Askari wa Meza

Kuhusu wa tatu umenishinda. Kuhusu kupata habari mapema sijashindwa.

#17 Mgawaji wa Usiku

Habari hiyo ya mapema hununuliwa kwa bei ambayo watu hawaihesabu. Ukipandisha kwenye flopu na mwenye kwini akatupa, umemfukuza mtu uliyekuwa unamshinda, ambaye alikuwa na kwini mbili tu za kumwokoa, na umebaki na mwenye esi kubwa. Nimeona mara nyingi mchezaji akijisifu kwamba amejua amesimama wapi, kumbe amelipa zaidi ili abaki na yule yule anayemshinda.

#18 Mwanafunzi wa Edmonton

Naomba nitoe jibu la kompyuta. Chuo Kikuu cha Alberta hapa Kanada kilishaitatua holdemu ya kikomo mwaka 2008, na programu yao haitupi jozi ya juu kwa urahisi. Nadhani mjadala ungeishia hapo.

#19 Ukingo wa Mto

Umechanganya mambo mawili. Mwaka 2008 programu yao iliyoitwa Polaris iliwashinda wachezaji mahiri huko Las Vegas, baada ya kushindwa kwa tofauti ndogo na Phil Laak na Ali Eslami mwaka 2007 huko Vancouver. Kuutatua mchezo kulitangazwa Januari 2015 katika jarida la Science, kwa programu iitwayo Cephesus, kazi ya Michael Bowling na wenzake.

Lililo kubwa zaidi ni kwamba suluhisho hilo ni la wachezaji wawili tu. Meza ya Msafiri ni ya watu tisa au kumi. Watu wakiwa wawili, kila mmoja hucheza karata nyingi mno, kwa hiyo esi na nne ni mkono mzuri wa kupandisha. Watu wakiwa wengi na mmoja akapandisha kutoka katikati, esi na nne hiyo hiyo ni kitu kingine kabisa.

#20 Mwanafunzi wa Edmonton

Asante kwa masahihisho, nakubali la mwaka. Nakusahihisha nami kidogo: jina ni Cepheus. Na hata kama ni ya wawili, baada ya yule wa tatu kutupa kwenye karata ya nne walibaki wawili.

#21 Ukingo wa Mto

Jina nimelikosea, asante. Walibaki wawili, lakini hawakuanza wawili. Mpandishaji alichagua karata zake akijua kuna watu wengi nyuma yake, na chaguo hilo halifutiki kwa sababu mmoja ameondoka.

#22 Mtulivu wa Kigamboni

Hilo ndilo nililokuwa nikilisema tangu #3.

#23 Juma Pili

Kuna jambo ambalo uzi huu umelichanganya. Tunasema jozi ya juu yenye kika dhaifu kana kwamba ni mkono mmoja. Jozi ya esi yenye kika dhaifu haina karata ya juu yake. Hofu yake ni esi nyingine tu. Lakini ukiwa na tisa na tano, flopu ikawa tisa, sita na mbili, karata 20 kati ya 47 zilizobaki ni kubwa kuliko tisa. Karata ya nne pekee ina asilimia 42.6 ya kuleta mojawapo, na hadi karata ya tano ni zaidi kidogo ya theluthi mbili. Pale kika ndogo ndiyo shida ya mwisho kabisa. Shida ya kwanza ni kwamba jozi yako huenda isibaki kuwa ya juu. Ya tisa ningeipandisha upesi ili wenye karata kubwa walipe au waondoke. Ya esi ningeicheza taratibu kama alivyofanya Msafiri.

#24 Binti Mrima

Safari hii hesabu yako sina cha kuigusa, Juma.

#25 Msafiri wa Pasifiki

Nawashukuru nyote. Nakiri kwamba yule bwana ni mmoja wa wale wastaafu wa #8. Sikumbuki hata mara moja nimemwona akitishia kwenye karata ya tano. Ningemkumbuka kabla ya kulipa, labda ningetupa na Hesabu Kwanza angenilaumu.

Jana nilikuwa tena kwenye dau kubwa la lazima, na kingi ya uru na tano ya pau. Watu wanne waliingia kwa dola 4 bila kupandisha, dau dogo akakamilisha, nikapita bure. Tulikuwa sita, mezani dola 24. Flopu: kingi ya kopa, kumi ya kopa, nane ya shupaza. Dau dogo aliweka dola 4 mbele yangu. Nilitazama watu wanne nyuma yangu, nikatupa.

#26 Mtulivu wa Kigamboni

Umefanya vyema sana. Hata kama karata zao zingekuwa za kubahatisha tu, wapinzani watano wana asilimia 38 ya kuwa na angalau kingi moja kati yao. Na karibu kila kingi ina kika kubwa kuliko tano.

#27 Askari wa Meza

Hapana. Hapa ndipo pa kupandisha, na safari hii mpangilio wa viti unaniunga mkono. Dau liko mbele yako na watu wanne wako nyuma. Ukipandisha hadi 8, wa kwanza nyuma yako anakuta dola 36 na anatakiwa kulipa 8, asilimia 18.2. Mwenye kwini na jeki anangoja esi au tisa, karata 8 katika 47, asilimia 17. Umemfanya alipe bei isiyo yake.

#28 Binti Mrima

Mwenye kopa mbili anangoja kopa moja zaidi atimize kopa tano, karata 9 katika 47, asilimia 19.1. Huyo bado analipa kwa haki. Na mwenye kwini na jeki akijaza atavuna dola 8 mara mbili baadaye, kwa hiyo ile asilimia 17 haimzuii. Je, dau dogo alikuwa na nini?

#29 Msafiri wa Pasifiki

Sikuona. Wawili nyuma yangu walilipa, kwenye karata ya nne ikaja kopa ya tatu, dau dogo akapita, mmoja akaweka dola 8, na wote wakatupa bila kufunua.

#30 Askari wa Meza

Kopa hiyo imekuja baada ya watu wawili kuiona karata ya nne kwa dola 4 tu. Ungepandisha, wangeiona kwa 8.

#31 Mtulivu wa Kigamboni

Na aliyejaza kopa angeiona kwa 8 pia, kisha Msafiri angekuwa amepoteza dola 8 badala ya kutopoteza hata moja.